Maziwa Yasiyouzwa

Laiti ningekataa. Mzee Elija aliponishika bega nyuma ya kanisa la mabati na kuniambia, "Kesho mhubiri akiita watu, usitafsiri hivyo hivyo tu, ongeza kidogo," jibu lilikuwa fupi na nililijua. Nilikuwa kijana niliyemaliza kidato cha nne, mwenye Kiswahili cha shule na Kikipsigis cha nyumbani, na katika mkutano ule wa injili nilipewa kazi moja tu: kuyachukua maneno kinywani mwa mgeni na kuyafikisha kwa watu wetu yakiwa mazima, kama mtu anavyoteka maji na kuyafikisha nyumbani bila kutia kitu ndani ya mtungi. Badala yake nilisema, "Sawa, mzee." Alikuwa ameniazima koti lake la kijivu ili nisimame jukwaani nikiwa nadhifu, na nadhani nusu ya jibu langu ilitoka kwenye koti lile.

Mambo haya yamenirudia kwa sababu ya sherehe. Mwezi uliopita Chelangat aliniita nyumbani kwake, kwenye mgongo wa kilima usio mbali na Kiptere, kusherehekea mjukuu wake aliyehitimu masomo. Chelangat sasa ni bibi mwenye mvi, lakini mwaka ninaousimulia alikuwa msichana aliyesonga ugali huku mtoto yuko mgongoni. Nilipoingia nilikuta mtu mwingine wa zamani amekaa karibu na dirisha na fimbo yake katikati ya magoti. Ni Nyabuto, Mkisii aliyekuwa mchuna chai katika shamba kubwa la ng'ambo ya mto. Meno yamempungua, mdomo haujapungua. Alinitazama kutoka kichwani hadi viatuni akasema, "Kibet, kumbe bado unavaa koti za kuazima," na nyumba nzima ikacheka, hata watoto ambao hawakujua kinachochekwa. Kisha Chelangat akaleta kibuyu, akakitikisa, akanimiminia mursik, yale maziwa yetu yaliyolala na makaa mpaka yakawa na rangi ya wingu la mvua. Nilimeza, na mwaka ule wote ukapanda kooni.

Mwaka ule nilikaa kwa Kogo Tapsabei. Kogo maana yake ni nyanya, na kila mtu alimwita hivyo, hata waliomzidi umri. Jinsi nilivyofika kwake si hadithi ndefu: yeye alihitaji mikono ya kuchuna chai yake, nami nilihitaji mahali pa kulala nikingoja majibu ya mtihani. Alinipa chumba cha kuhifadhia vibuyu. Vilining'inia juu ya kitanda changu vikiwa vimefunikwa vizuri kwa vifuniko vya ngozi, na kila asubuhi nilipofungua macho kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa matumbo yao ya kahawia yakinichungulia. Chumba kilinuka moshi wa senetwet, mti ambao kijiti chake huchomwa na kusuguliwa ndani ya kibuyu kabla ya kutia maziwa. Hadi leo nikipita mahali mtu anachoma kijiti hicho, nasimama. Nimelala katika nyumba nzuri baada ya hapo, zenye sakafu ya saruji na taa, lakini sijawahi tena kuamka nikiwa na hakika kwamba hakuna mahali pengine duniani ninapotakiwa kuwa.

Jiko la Kogo lilikuwa jengo la peke yake, la udongo na nyasi, na ndiko tulikoishi hasa. Tulichuna chai tangu umande haujakauka, tukapeleka majani kituoni kupimwa, na tukirudi tulikuta kimyet, ugali wetu wa wimbi, na mboga ya sagaa iliyolazwa kwenye maziwa mpaka uchungu wake ukatoka. Nyabuto alikuja karibu kila jioni. Alidai amekuja kuota moto, kwa sababu nyumba za wafanyakazi kule shambani zilikuwa na baridi, lakini moto wenyewe aliukumbuka baada ya kushiba. "Ninyi Wakipsigis," alikuwa akisema huku ameshika kikombe kwa mikono miwili, "mimi nilifikiri makaa ni ya kupika. Kumbe ni ya kunywa." Chelangat alimjibu, "Rudi basi kwa ndizi zenu. Hapa hakuna aliyekufunga kamba." Naye alisema, "Mimi niko hapa kwa sababu ya kusoma lugha." Kweli alikuwa anasoma, lakini walimu wake walikuwa watoto wawili wa Chelangat, kwa hiyo Kikipsigis chake kilikuwa cha mtu wa miaka mitatu. Alipotaka maji alisema, "Maji, mimi, sasa." Kogo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kona ya kitambaa chake.

Kitu kimoja Kogo hakukifanyia mzaha, nacho ni maziwa. Njia ya kwenda kituo cha chai ilipita mbele ya boma lake, na yeyote aliyepita na kikapu mgongoni akionekana amechoka aliitwa. Hakuuliza mtu jina kabla hajameza. Siku moja alipita mfanyabiashara wa Chepseon, mtu mwenye heshima zake, akanywa kikombe kizima, kisha akataka kulipa na kuuliza kama angeweza kupata vibuyu zaidi vya kuuza sokoni. Kogo alimtazama kama mtu aliyetukanwa mbele ya wageni. "Mwambie," aliniambia mimi, ingawa yule bwana alisikia Kikipsigis vizuri, "mwambie maziwa ya nyumba hayauzwi. Mtu ana kiu, anakunywa. Akiwa hana kiu, aende salama."

Sasa niseme kuhusu nyumba yenyewe, maana bila hilo hakuna atakayeelewa. Kogo hakujaliwa mtoto. Mumewe alikuwa amekufa, na kwa desturi yetu mwanamke kama huyo aliweza kuoa: hutoa mahari kama mwanamume, analeta msichana nyumbani, na watoto watakaozaliwa wanakuwa wa nyumba yake na wanarithi jina. Jambo hili huitwa toloch, yaani ile nguzo unayoegemeza nyumba iliyoinama isije ikaanguka. Chelangat ndiye aliyekuwa nguzo. Hapakuwa na siri wala aibu ndani yake. Wazee walishuhudia, maziwa yalinywewa. Lakini kanisa letu, lililokuwa ng'ambo ya ua wa misonobari, lilikuwa limeamua kwamba mwanamke aliyeoa hawezi kupokelewa mpaka amrudishe huyo mke kwao. Kwa hiyo kila Jumapili Kogo alitoka na kigoda chake, akakaa upande wake wa ua, mgongo ukiwa umeelekea kanisa, akasikiliza nyimbo mpaka mwisho.

Nilimuuliza mara moja kwa nini asiingie tu akae nyuma. Tulikuwa tunasafisha vibuyu, yeye akisugua, mimi nikisuuza. "Waliniambia nimrudishe Chelangat kwanza," alisema. "Nikiiondoa nguzo nyumba itaanguka. Huyo Mungu akija kunitembelea atakaa wapi?" Nilicheka, naye akacheka, kisha akaacha kusugua. "Lakini, werinyun," yaani mwanangu, kwani aliniita hivyo tangu wiki ya kwanza, "kuna kiu nyingine. Nina ng'ombe watatu wa maziwa na haiishi. Mkiimba kule, ndiyo inazidi. Ningependa mtu anieleze kama huyo mnayemwimba anajua kwamba mimi niko upande huu wa ua." Nilikuwa nimesoma hadi kidato cha nne. Nilisuuza kibuyu kile mara nyingi kuliko kilivyohitaji.

Mzee Elija, mwenyekiti wa wazee wa kanisa, hakuwa mtu mbaya. Naomba jambo hili lieleweke, kwa sababu nikimfanya mbaya nitakuwa nimejipunguzia mzigo wangu. Alikuwa na shamba la chai mkabala na letu, aliwasaidia wajane kulima, na alilia kila alipoomba. Alasiri moja ilikuja mvua ya mawe, ile ya kwetu inayokuja mbingu zikiwa bado na jua upande mmoja, na waliokuwa njiani wote wakakimbilia jikoni kwa Kogo. Elija aliingia wa mwisho, mawe meupe yamejaa kwenye ukingo wa kofia yake. Kogo akampa kigoda na maziwa. Alipomaliza kunywa, kwa sauti ya upole kabisa, akasema, "Kogo, Mungu anakupenda. Ni hii nyumba yako tu."

"Hii nyumba yangu," alijibu Kogo, "ndiyo inayokukinga mawe."

Watu walicheka mpaka vikombe vikamwagika. Hata Elija alicheka, akaomba aongezewe. Mvua ilipopita tulitoka tukakuta chai imechanika majani yote juu ya kilima, kijani kimetapakaa chini kama mboga iliyokatwakatwa, na bado watu walikuwa wanacheka. Huo ndio uliokuwa mwaka wenyewe. Tulipata hasara na tukacheka. Nikikumbuka sasa, naona kwamba furaha yangu yote ya ujana ilikaa ndani ya jiko lile, na mimi nilidhani ni mwanzo tu, kwamba iliyobaki iko mbele.

Mkutano wa injili ulikuja msimu wa kiangazi, wakati chai haichipui sana. Jukwaa lilijengwa kwa mabanzi kwenye uwanja wa kanisa. Mhubiri alitoka upande wa Taita, mtu mfupi mwenye sauti kubwa, hajui neno la Kikipsigis isipokuwa "chamgei", salamu yetu, ambayo aliisema mara nyingi mno. Elija alinichagua mimi niwe mtafsiri. Siku ya kwanza mhubiri alifungua maneno ya yule nabii anayewaita wenye kiu wote waje kwenye maji, na asiye na fedha aje vilevile, achukue maziwa bila kulipa. Nilitafsiri kama yalivyo. Nilisikia sauti yangu ikienda uwanjani ikiwa na nguvu ambayo haikuwa yangu, na niliposema kwa lugha yetu, "Njoni, chukueni maziwa, bila bei," kicheko kikubwa kikatoka nyuma ya misonobari.

Alikuwa Kogo. Nilipofika nyumbani alikuwa bado anatikisa kichwa. "Kumbe naye anajua maziwa hayauzwi," alisema. "Miaka yote hii hakuna aliyeniambia. Mngeniambia hilo kwanza, ningewasikiliza mapema." Jioni ile alitaka nirudie maneno yale, Chelangat naye akaacha mwiko ndani ya sufuria asikilize, na Nyabuto akamwambia mtoto wa Chelangat amfundishe neno la "njoo". Kesho yake Kogo alivaa kitambaa chake kizuri, akazunguka ua kwa mara ya kwanza, akaja kukaa kwenye nyasi, karibu na mbele, Chelangat na watoto kando yake. Wanawake wa kanisa walisogea kumpa nafasi. Niliona nyuso zikigeuka kumtazama, na nyingi zilikuwa nyuso za furaha.

Elija naye aliona. Ndipo aliponivuta nyuma ya kanisa jioni ile. "Kesho ni siku ya mwito," alisema. "Mgeni ataita kila mtu, halafu atapanda gari aende kwao. Sisi ndio tutabaki. Mwaka ule mwingine waliitwa hivyo hivyo, Jumatatu tukawaokota walevi njiani na Silibwet yote ikatucheka. Kijana, nyumba ya Mungu ina mlango. Akisema waje, wewe sema waje waliokwisha kutengeneza nyumba zao mbele ya wazee. Si uongo. Ni kulinda tu." Alilitengeneza koti lile mabegani mwangu, akaikunja kola vizuri. "Wewe umesoma. Unaelewa." Hakuna aliyekuwa ameniambia hivyo kabla ya siku hiyo, kwamba naelewa. Nikasema sawa.

Siku ya mwisho uwanja ulijaa. Mhubiri alisema muda mrefu juu ya kiu, nami nikamfuata neno kwa neno, na nilitafsiri vizuri. Sijawahi kutafsiri vizuri hivyo tena. Alimwelezea Mungu kama mtu aliyesimama njiani jua kali, anaita wapitao. Nilimwona Kogo akitikisa kichwa kukubali, kwa sababu kazi hiyo aliijua. Kisha mhubiri akafunga kitabu, akanyoosha mikono, akasema kwa sauti ya chini, "Njoo. Yeyote. Kama ulivyo."

Kogo alikuwa ameshaanza kuinuka kabla sijafungua kinywa. Mikono ile iliyonyooshwa aliielewa. Aliweka mkono kwenye bega la Chelangat apate nguvu, goti moja likiwa bado chini. Nami nikasema, kwa Kikipsigis safi, kwa sauti ile ile nzuri: "Aje kila mtu aliyekwisha kuitengeneza nyumba yake mbele ya wazee wa kanisa. Huyo ndiye anaitwa."

Alibaki hivyo kidogo, goti moja chini, mkono begani kwa Chelangat. Kisha akakaa. Akaivuta nguo yake ifunike miguu, kama mtu aliyekuwa amesimama kwa makosa.

Watu wengine walikuja mbele, wasafi, wenye nyumba zao zilizonyooka. Waliimba. Elija alilia kwa furaha ya kweli. Mhubiri alinikumbatia akaniambia mimi ni chombo cha Mungu. Hakujua nilichosema, na mpaka leo naona hiyo ndiyo sehemu ya ajabu kuliko zote, kwamba mtu aliwaita wote kwa moyo wake wote, akaondoka akiamini wote wameitwa.

Nyabuto alinipata kwenye njia ya kuteremka mtoni. "Kibet, wacha nikuulize kitu," alisema. "Mimi Kikipsigis sijui sana. Lakini hesabu ya mdomo najua. Pasta alisema njoo. Wewe ulienda mpaka Sotik ukarudi. Uliongeza nini hapo?"

Nikamwambia. Nikamwambia na sababu zote za Elija, zilizoonekana nzuri kwangu hata wakati huo. Alisikiliza akivunja kijiti vipande vipande.

"Huyu mama," alisema mwishowe, "siku ulikuja kwake na sanduku lako, alikuuliza umetengeneza nini ndio akupe maziwa?"

Tuliingia jikoni pamoja tukakuta chakula tayari. Kogo alinimiminia kikombe changu kikajaa kama siku zote. Nilipokishika, akauliza kwa utulivu, "Yale maneno ya mwisho, werinyun, yalikuwa ya mgeni au ya Elija?" Huo ulikuwa mlango wa pili niliofunguliwa siku moja. Ningeweza kusema ukweli nikiwa na kikombe mkononi, kati ya watu walionipenda. Nikasema, "Ya mgeni, Kogo." Akasema, "Basi," akampa mtoto maziwa, na mazungumzo yakageukia ndama.

Baada ya hapo Elija alinihamishia kwake. Palikuwa na mikutano mingine, Silibwet, Chepseon, vituo vidogo ambavyo majina yake nimesahau, na kila mahali nilisimama na lile koti la kijivu nikaongeza kidogo. Siwezi kusema sikuipenda kazi hiyo. Nilialikwa chai katika nyumba zenye vitambaa vya mezani. Wasichana wa kwaya walijua jina langu. Lakini kwa Kogo nilipita mara chache, tena mchana wakati najua yuko shambani.

Kilichotokea jikoni baada ya mimi kuondoka nilikisikia kwa vipande wakati ule, na mwezi uliopita nikakisikia kizima, Nyabuto akisimulia na Chelangat akimsahihisha. Nyabuto hakuwa mhubiri. Alikuwa akisali na wafanyakazi wenzake wa Kisii katika chumba kimoja kule shambani, na mchungaji wao alikuwa mchuna chai kama wao. Lakini kile kijiti alichokuwa akikivunja njiani hakikumtoka. Jioni moja aliweka kikombe chini akamwambia Kogo, kwa Kikipsigis chake cha mtoto wa miaka mitatu, kwamba yale maneno hayakuwa ya mgeni. Kogo akauliza mgeni alisema nini basi.

"Mimi nilikuwa na shida," Nyabuto alituambia, na nyumba nzima ya sherehe ikanyamaza ikijua kichekesho kinakuja. "Maneno nilikuwa nayo kidogo sana. Nikasimama pale jikoni nikafungua mikono. Nikasema: 'Njoo. Wewe. Mama. Kunywa.' Akaniuliza, na Chelangat? Nikasema: 'Chelangat, njoo.' Akauliza, na hawa? Nikasema: 'Watoto, njoo. Ng'ombe, kaa.'"

Chelangat alicheka mpaka akashika ukuta. "Na ndivyo alivyosema kweli," alisema. "Ng'ombe, kaa." Na hapo jikoni, karibu na sufuria ya ugali, Kogo aliomba kwa mara ya kwanza, upande wake ule ule wa ua. Nimelifikiria jambo hilo sana tangu siku ile. Kikipsigis cha Nyabuto kilikuwa kidogo mno kubeba masharti. Mimi niliyekuwa na maneno yote ndiye niliyekuwa na nafasi ya kuyaficha.

Wakapanga abatizwe pamoja na nyumba yake yote, siku ya Jumamosi, katika kijito kilicho chini ya chai. Yule mchungaji alimuuliza Kogo, kupitia kwa Nyabuto, huyu Chelangat ni nani kwako. Kogo akasema ni nguzo. Mchungaji akafikiri akasema, "Sawa. Tutaingia majini na nguzo yake." Kogo akanitumia Nyabuto na kibuyu kidogo, nije. Nakumbuka vizuri. Nilisimama kwenye ukumbi wa Elija nikasema nina kazi Chepseon. Kazi ilikuwapo, ila ilikuwa ya Jumapili. Nilikipokea kibuyu, nikamrudishia Nyabuto kikiwa kitupu bila kutoka pale nilipokuwa nimesimama, na sikumbuki ladha ya maziwa yale.

Mwaka ukaisha. Majibu ya mtihani yakatoka, nikapata ukarani mbali na kilima kile, nikaoa, nikajenga, nikawa mzee wa kanisa nami, mwenye koti langu mwenyewe. Kogo alikufa nikiwa mbali. Nilisikia baada ya maziko.

Kitu nilichokuwa sikijui nilikisikia mwezi uliopita, mbele ya wageni na wajukuu. "Siku hiyo ya maji," alisema Nyabuto, sasa bila mzaha, "tulikungoja, Kibet. Pasta ameingia ndani mpaka hapa, miguu imekufa ganzi, maji ya kwenu ni barafu. Huyu mama hataki kuingia. Anasema mtafsiri wangu anakuja. Anasema werinyun ndiye ataniambia. Tukaimba nyimbo zote tunajua. Jua likapanda. Mwishowe akaniangalia mimi akasema, haya, sema wewe."

"Ukasema nini?" mjukuu aliyehitimu akauliza.

"Si ile ile. Njoo, mama. Maji. Mungu hapa."

"Akaingia akicheka," alisema Chelangat. "Alitoka akicheka. Tangu siku hiyo sikumwona tena amekaa na kigoda kule kando ya ua. Akisikia wanaimba, aliimba hapa hapa jikoni, kwa sauti mbaya sana." Akachukua kikombe changu, akakijaza tena bila kuniuliza, kama alivyofundishwa. Nilikunywa mbele yao wote, machozi yakinitiririka, na hakuna aliyenitaka nieleze. Watoto walikuwa wanaimba nje. Nyabuto aliniwekea fimbo yake magotini kana kwamba mimi ndiye ninayeihitaji zaidi. Sijui kama nimewahi kuwa na furaha kama ile.

Najua sasa kwamba mwaliko ule haukufungwa na maneno yangu. Ulipata njia nyingine, ukapita kwa mtu mwenye maneno machache, ukamfikia aliyeitwa. Mimi ndiye niliyelisikiliza sharti langu kuliko mtu yeyote. Nililisema mara nyingi mno hata nikaliamini, na umri wangu wote nimekuwa nikiitengeneza nyumba yangu mbele ya wazee, nikingoja ifikie kiwango cha kuitwa, wakati Kogo alikuwa ameshakunywa akashiba jikoni kwake. Nimekunywa nami, lakini nimekunywa nikiwa mzee. Neno lile moja nilikuwa nalo kinywani, na mwanamke aliyenilisha bila kuniuliza kitu alisimama kando ya maji akingoja alisikie kwangu. Uamuzi ule nyuma ya kanisa ulinigharimu nafasi ya kumwambia "njoo". Alikufa bila kuyasikia maneno yale ya mwisho ya mgeni kutoka kinywani mwangu, na sikuwahi kumwomba msamaha.